Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mama mpiga chapa alifukuzwa kazi kwa sababu ya ripoti niliyoandika mimi, na ripoti ile haikuwa ya kweli.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye ofisi ya kupima sampuli za mawe upande wa Geita. Nilitoka Ngokolo, Shinyanga mjini, na sidii ya mfumo wa kompyuta unaogawiwa bure, ambao yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuubadilisha hadi kwenye kiini chake. Nilijiona bingwa. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha kompyuta ya mizani na ile ya meneja. Kadi ya mtandao ya kompyuta ya mizani ilifanya kazi vizuri asubuhi. Ikifika saa nne, inakufa.

Nilifungua draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi, nikaongeza mistari ya kunionyesha kila hatua. Nikajenga kiini upya, kazi ya kutwa nzima kwa mashine ile. Kesho yake saa nne, kimya.

Nikaanza kuandika kwenye daftari kila kilichotokea chumbani. Ndipo nikaona: saa nne gari la sampuli liliingia uani na vumbi lake, na mama mpiga chapa, aliyekaa chumba hichohicho, aliifunika kompyuta ile kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kama vya redio na makochi ya nyumbani kwake.

"Shikamoo mama. Hiki kitambaa kinaiua kadi kwa joto."

"Marahaba. Joto la kitambaa, ng'wanone?" Alicheka. "Basi redio yangu ingekuwa imeshaiva. Sema tu hako kamashine kamekushinda, mwanangu."

Wapimaji wote wakaangua kicheko. Ripoti niliiandika siku ileile, nikiwa na hasira: uzembe, uharibifu wa kifaa, na saa za kila tukio nimezipanga vizuri kama ushahidi. Meneja hakumwita hata kumsikiliza. Mama alikunja kitambaa chake, akarudi kwao Mhunze.

Jumatatu iliyofuata kompyuta ilikuwa wazi, bila kitambaa, na saa nne kadi ikafa.

Hapo ndipo nilipojiuliza nini kingine hutokea saa hiyo. Sampuli zikishushwa, mizani huwashwa. Kila kifaa kina namba ya kuiitia kompyuta, na mizani na kadi nilikuwa nimezipa namba ileile. Mizani ikianza kazi, kadi haisikiki tena. Nilihamisha kipini kimoja kwenye kadi, nikabadilisha tarakimu moja kwenye draiva. Dakika kumi zilitosha.

"Imepona?" meneja aliuliza.

"Imepona."

Hakuuliza ilikuwa nini, nami sikusema. Kiti cha mama kilikaa bila mtu miezi mitatu, na mlango wa meneja ulikuwa ng'ambo tu ya korido. Badala ya kuugonga, nilimwandikia mama barua ya kukiri, nikampa dereva aliyekuwa akienda Mhunze. Aliporudi alisema alimkuta binti tu uani kwa mama, akamwachia barua. Kama mama aliisoma, sijui.