Kuku Aliyevunjwa Mguu kwa Ajili Yangu

Nilivunjika muundi hapa Majengo kwa kujikwaa kwenye jiwe la volkano, mbele ya mlango wangu mwenyewe. Binti yetu alikuwa karibu kuolewa, nami nilitaka kumfikisha madhabahuni nikitembea wima. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuniacha niaibike peke yangu, akamleta mama muunga mifupa kutoka Masisi. Akaunyoosha mguu wangu, akaufunga kwa vibanzi vya mwanzi. Kisha akamkamata kuku wetu, akamvunja mguu mmoja, akamfunga vivyo hivyo.

"Huyu ndiye atatuonyesha siku ya kufungua," akasema.

Nilimtazama kama inzi aliyeanguka katika chai. Nilisoma biolojia chuo kikuu. Nikamweleza, bila kuombwa, kwamba mfupa ukiuweka chini ya hadubini ni pete ndani ya pete, kama kitunguu kilichokatwa. Katikati hupita mshipa wa damu. Kuzunguka, seli zimejifungia katika vijumba, zikigusana kupitia vijia vyembamba. Ukivunjika, mfupa mpya husukwa ovyo kwanza, kama kikapu cha mlevi. Baadaye seli fulani huula, nyingine hujenga pete upya. Ni kazi ya miezi. Kuku anajua nini?

"Papa, umemaliza?" akaniuliza mama muunga. "Sikia basi. Akitembea, bado. Ungoje aruke juu ya ukuta."

Sikusikia. Nilikuwa natafuta namna ya kumchorea vile vijumba.

Wiki ya tatu kuku akatembea uani, akidonoa maharagwe. Mimi, mchoraji wa pete, nikatupa vibanzi, nikaenda hadi barabarani ili majirani wanione. Kikapu cha mlevi ndani ya mguu wangu kilinibeba kwa adabu, kikipinda polepole.

Mama muunga aliporudi, aliutazama mguu, akamgeukia mama mkwe.

"Huyu mutu alisoma kabisa?"

"Sana."

"Na kuku ana uzito gani, papa? Na wewe je? Tuuvunje tena, ukae sawa."

Nilikataa kwa sababu za kisayansi, yaani woga.

Siku ya arusi kuku alikuwa juu ya ukuta, akitutazama tukitoka. Kanisani binti yangu alinishika mkono, akapunguza mwendo hadi ukalingana na kuchechemea kwangu. Watu wakasema hawajaona baba mwenye heshima namna ile.