Maji ya Zambarau kwa Mtoto wa Miaka Mitatu

Jumanne iliyopita tulimzika mama aliyekuwa akiwasimamia watoto wakisafisha vinywa katika dispensari ya kambi yetu ya wafanyakazi. Wakazi wa zamani wa mji wetu wa Élisabethville watamkumbuka: mrefu, mchache wa maneno, kikombe cha bati mkononi. Wengi wanamkumbuka kwa jambo moja baya, na jambo hilo linaninyima raha tangu tutoke makaburini.

Siku zile, kabla ya Vita Kuu ya Pili, watoto wa kambi walipanga mstari kila asubuhi, wakapiga mswaki, kisha wale wakubwa wakapewa maji ya dawa ya zambarau wasukutue na kutema. Wadogo waliishia kwenye mswaki na maji matupu. Mimi nilikuwa karani, viatu vinang'aa na kichwa kimevimba kwa majivuno. Niliona binti yangu wa miaka mitatu ananyimwa ustaarabu, nikampeleka mwenyewe. Yule mama akanitazama. "Bwana Kalani, huyu angali mudogo. Hayajua kutema, atakunywa yote. Muswaki na maji inatosha." Nikamjibu mbele ya watu: "Weye unajua kusoma? Mutoto ya kalani haiko sawa na batoto bengine. Mupe, ao ninaenda kwa Madame." Madame alikuwa mzungu aliyeweza kumfukuza kazi siku hiyohiyo. Akampa. Kila asubuhi alimwinamia mwanangu, akamshika kidevu na kumbembeleza, "Tema, mama, tema." Siku ya saba punje za dawa zilikuwa hazijayeyuka vizuri kikombeni, na mtoto akazimeza.

Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini koo liliungua, na hadi leo sauti yake inakwaruza. Wakubwa wa kazi walipotaka ripoti, nani wa kuiandika? Karani. Niliandika kwamba mtumishi alimpa mtoto mdogo dawa kinyume cha kanuni. Kila neno lilikuwa kweli, na ripoti nzima ilikuwa uongo. Yule mama alifukuzwa kazi, akafukuzwa na kambini, akaenda kulima mihogo nje ya mji. Nilikutana naye mara moja tu sokoni. Hakunitukana. Aliniuliza, "Mutoto iko anakula muzuri?" Nikasema ndiyo, nikaondoka mbio kama mwizi.

Sisi tuliojifunza kwa kalamu tulimdharau aliyejifunza kwa macho na mikono, ingawa yeye alikuwa ametazama mamia ya vinywa na mimi sikuwa nimetazama hata kimoja. Siku hizi nawaona vijana wetu madukani mjini wakinunua chupa za dawa ya kusukutua kwa ajili ya watoto wasioweza hata kujifunga vifungo. Mtoto mdogo anahitaji mswaki, maji, na mkubwa wa kumwongoza mkono. Dawa ya kusukutua ingoje mpaka ajue kutema. Hayo alinifundisha yeye, na mimi nilikataa kufundishwa. Majuto ni mjukuu.

Pale kaburini binti yangu, ambaye sasa ni mama wa watoto, alisimama karibu nami akaniuliza kwa sauti yake ile: "Papa, ni huyu mama aliniunguza koo?" Watu walikuwa wanatutazama. Nikajifanya naimba. Najua binti yangu husoma safu hii gazetini kila wiki, basi asome na jibu lake hapa, mbele ya watu wote. Hapana, mwanangu. Yeye alikataa. Ni mimi.