Usingizi wa Baba Unga

Mwaka mzima majirani walikuwa wakimwonea huruma Baba Unga. Chumba chake na mkewe kiliegemea ukuta wa mashine ya kusaga nafaka anakofanyia kazi, na mashine yenyewe haikujua usiku wala mchana. Yeye akitoka zamu, mwenzake anaingia; mkanda unazunguka, ukuta unatetemeka, vikombe kabatini vinagongana kama meno ya mtu mwenye homa. Mgeni akija kunywa chai ilibidi aongee kwa mikono. Lakini Baba Unga akishaosha ule unga wa kwenye nyusi, akagusa mto, basi tena. Amekwenda.

Likizo ilipofika, mwenye mashine alifunga ili watu wakae na familia zao. Familia nazo zikasikia. Akaja wifi, dada yake Baba Unga, na watoto ambao hakuna aliyewahi kuwaona wametulia hata akawahesabu. Akaja mama mkwe, mama yake mzazi Mama Unga, na kikapu kimoja na maoni mengi.

Na Baba Unga hakulala. Si siku ya kwanza, si ya pili. Siku ya tatu macho yalikuwa mekundu, akatia chumvi kwenye chai, akainywa yote na kushukuru. Watoto walicheka mpaka wakajikunja. Mkewe hakucheka. Mwenzake wa zamu aliwahi kusinzia mara moja tu, na mkanda ukaondoka na vidole vyake viwili. Mkanda hauna undugu na mtu. Na Jumatatu mashine inafunguliwa.

Mkewe akatafuta mchawi wa usingizi huo, naye alikuwa wazi: makelele. Mama Unga akaitisha kikao uani, akayapiga marufuku. Tangu saa hiyo nyumba ikawa kama chumba cha mtihani. Watoto walicheza mpira bila mpira, na goli likiingia wanakumbatiana kimya kama watu wa msibani. Taarifa ya habari ilitazamwa bila sauti. Mama mkwe aliitungia maneno kwa kunong'ona, na waliokuwepo wanasema yalikuwa afadhali kuliko ya kweli. Wa kuhurumiwa hasa alikuwa wifi. Huyo siri zake zilijulikana mpaka kituo cha basi. Alipojaribu kunong'ona, alitoa sauti ya gurudumu lililochomwa msumari.

Mama Unga mwenyewe akawa askari wa kimya, na askari halali usingizi. Alizunguka na kidole mdomoni, akamkanya mtoto kwa kutafuna, akamkanya mama yake mzazi kwa kukohoa. Kila akichungulia chumbani, alimkuta mumewe chali, macho kwenye dari, anasubiri kama abiria ambaye basi lake halipo.

Jumamosi mchana, wifi alikuwa anatoka bombani na mnara wa sufuria kifuani, akakanyaga povu la sabuni. Sufuria zikaanguka zote. Mfuniko mmoja ukaondoka peke yake, ukauzunguka uwanja ukilia, na watu wazima wakausindikiza kwa macho, wakiuomba uanguke. Haukuanguka. Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa mama mkwe. Kisha nyumba nzima ikapasuka. Vicheko vya siku zote zile vilikuwa vimerundikana, vikatoka kwa mkupuo, na mpira ukapata nafasi ukaingia uwanjani.

Mama Unga alikimbilia chumbani kuomba radhi. Akasimama mlangoni. Mumewe alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia, anakoroma taratibu. Pale alipoacha mwanamume alikuta mtoto mchanga.

Alitoka mbio, kidole mdomoni, akawaambia amelala. Wote wakanyamaza papo hapo. Kitanda kikalia. Baba Unga akatokea mlangoni, sura ya mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi.

"Mbona mmenyamaza?"

Mama mkwe aliutazama ukuta wa mashine, uliokuwa kimya tangu likizo ianze, akamtazama mkwewe, kisha binti yake.

"Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi," alisema. "Huyu wako ndizo anazolalia. Mwambie wifi yako aongee."

Ruhusa hiyo wifi aliisubiri tangu azaliwe. Alianza na ugomvi wake na mwenye nyumba anayopanga, akiigiza pande zote mbili pamoja na shahidi. Runinga ikapewa sauti. Sufuria zilisuguliwa kama zimeiba.

Mama Unga alimrudisha mumewe kitandani, akaketi sakafuni kando yake, na safari hii akaona kwa macho yake usingizi unavyoingia: paji likalegea, vidole vikafunguka kimoja kimoja, pumzi ikapata mteremko. Hakuthubutu kujikuna. Mwanzoni alisikia kila sauti peke yake, na kila moja ikimwita: mpira u karibu na dirisha, yule mdogo analia, maji yanamwagika bure. Akataka kuinuka. Kisha, hakujua vipi, zikaungana. Zikawa ngurumo moja, pana, haina maneno, imejaa chumba kizima na haimtaki kitu. Miaka yote alidhani mumewe analala kwa kuivumilia ile mashine. Kumbe ilikuwa inambeba. Na sasa ilikuwa inambeba na yeye.

Wifi alitokea mlangoni kuuliza sabuni ilipo. Hakumaliza. Alimtazama kaka yake, akamtazama wifi yake pale chini, na sauti ikamkauka yenyewe bila kukanywa na mtu.

"Hivi ndivyo anavyolala?" alinong'ona, na mara hii ulikuwa mnong'ono wa kweli.

Mama Unga aliitikia kwa kichwa. Wakakaa hivyo, wanawake wawili wanatazama kifua kinapanda na kushuka. Lakini huko uani, bila yule kiongozi wao, makelele yalianza kupwaya. Baba Unga akakunja paji la uso, akajigeuza.

"Nenda, wifi," Mama Unga alisema. "Unamwamsha."