Boksi la Kumuaga Aaltje

Kwa miaka ishirini na sita Aaltje Duindam alifanya kazi katika ghala moja la maua nje kidogo ya mji wa Hillegom, na kazi yenyewe ilikuwa ile ile: kutia tunguu la amarilisi, ua kubwa la kupamba nyumba, chungu cha plastiki na kisahani cha makumbi ya nazi yaliyokaushwa na kushindiliwa yawe udongo wa kupandia, ndani ya boksi jekundu, kufunga, kusukuma, kuvuta jingine. Kila Krismasi watu walizawadiana maboksi hayo na kupanda matunguu yake madirishani. Aaltje akilishika tunguu mara moja tu alijua kama litachanua au litaishia majani. Mabovu aliyatupa kwenye kreti la kijivu miguuni pake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mzee mwenye ghala alipofariki, mwanawe Jurriaan alishika usukani. Huyo kreti lile lilimkera.

"Bi Aaltje, mteja haoni tunguu. Anaona picha ya boksi."

Tangu siku hiyo kreti likaondolewa, mabovu yakafungwa pamoja na mazima, na wawili hao hawakusemeshana ila pa lazima.

Mwanzoni mwa Oktoba, siku ya kumuaga Aaltje akistaafu, palikuwa na kahawa na keki ya tufaha. Jurriaan alisema maneno mawili matatu akamkabidhi boksi lililofungwa utepe. Watu wakapiga makofi. Aaltje akalifungua hapo hapo, akatoa tunguu, akalibonyeza kitakoni kwa dole gumba. Likabonyea.

"Hili ni la kreti," alisema.

"La kreti gani tena?"

"La kijivu. Miaka ishirini na sita, Jurriaan, unanizawadia takataka!"

"Ni kumbukumbu tu, jamani. Usituharibie keki."

"Keki kula wewe."

Akavaa koti akaondoka.

Nyumbani alilipanda. Hakulipanda kwa mapenzi. Aliloweka kisahani kwa maji ya uvuguvugu mpaka makumbi yakaumuka, akalifukia tunguu na kuacha mabega yake nje, akaweka chungu dirishani penye joto, na maji akalipimia kidogo kidogo ili asije akaambiwa ameliozesha mwenyewe. Wies, aliyefunga maboksi kando yake miaka kumi na moja, alipita Jumapili moja kunywa kahawa.

"Unalitunza kama mtoto," Wies alimtania.

"Ninalitunza kama ushahidi wa kesi."

Wiki ya kumi likawa na majani manne marefu, yamelegea kama mikanda. Ua hakuna, hata dalili. Jumamosi moja kabla ya Krismasi Aaltje alikizungushia chungu magazeti kisipigwe na baridi, akakitia kwenye kapu la baiskeli, akaenda hadi duka la mbele ya ghala. Foleni ilifika mlangoni. Akaipita yote, akakibwaga chungu juu ya meza ya malipo mbele ya Jurriaan.

"Picha ya boksi inasema maua mawili. Nionyeshe."

"Bi Aaltje, chukua jingine uende. Chukua hata matatu."

"Nichukue lipi? Hili?" Akachana boksi la kwanza lililokuwa karibu, akabonyeza. "Bovu. Na hili? Bovu. Hili zima. Hili bovu."

Mama mmoja kwenye foleni alirudisha lake rafuni polepole. Mwingine akamfuata.

"Toka!" Jurriaan alifoka, shingo imemwiva. "Toka dukani mwangu!"

Alitoka, na njia nzima alikanyaga baiskeli huku akicheka peke yake.

Kesho yake Wies aliingia kwa mlango wa nyuma, hakuvua koti.

"Umefurahi? Kesho tunahojiwa sisi. Amewaambia watu ni uzembe wa wafungaji."

"Mngesema ukweli. Si mlijua?"

"Tulijua! Wewe una pensheni, Aaltje. Mimi nina watoto wawili na nyumba ya kupanga. Siku ile ya keki ulimtukana, tukakaa kimya, ukatuona waoga. Sasa umetuuza."

"Sikuwauza nyinyi. Nilimwendea yeye."

"Basi umetupata sisi."

Wies aliondoka bila kuonja kahawa, na mlango akauacha wazi, baridi ikaingia. Aaltje alisimama pale pale jikoni. Alimchukia Jurriaan kuliko jana. Ila safari hii chuki haikuishia kwa Jurriaan. Sehemu yake ilimrudia mwenyewe, na hakujua aitupe wapi.

Wies hakukanyaga tena pale.