Finjani Iliyowekwa Chini

Nikisikia harufu ya kahawa inayochemka na iliki, namtafuta mdogo wangu kwa macho. Namtafuta kweli, si maneno. Wenzangu wote wanaipenda harufu ile, inawakumbusha wageni na halua na sikukuu. Mimi inanirudisha Ibra, huku Oman, kwenye nyumba ya udongo ya marehemu babu yetu, mlango mzito wa mbao, sebule ndefu iliyotandikwa mikeka, na asubuhi moja ya kibaridi, joto la mwaka mzima limeshavunjika, tende zimeshakatwa na kukaushwa, na watu ndiyo kwanza wanaanza kutembeleana. Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Zuhura mitano. Na niseme mapema, maana watu wa kwetu wakiihadithia habari hii wanaipamba na kunifanya mie shujaa: shujaa gani! Siku zile niliogopa mpaka meno yakaniuma.

Ule ulikuwa mwaka wetu wa pili tangu turudi kutoka Unguja. Nasema turudi kwa sababu ndivyo wakubwa walivyosema. Mie na Zuhura huku hatujapata kukuona, tunarudije? Baba alipata kazi ya ukarani Nizwa kwa kuwa anajua Kiingereza na kupiga taipu. Nyumbani tunasema Kiswahili, nje watoto wa mtaani wanatuita Wazinjibari, wanalitamka kama jina la maradhi. Nilipigana nao sana. Darasani sikukaa vya kutosha, Kiarabu nilijifunza mwenyewe, na nilianza na matusi, maana ndiyo niliyokuwa nikiyahitaji. Mtu akimgusa Zuhura nilikuwa namng'ata. Basi msimu ule Baba akapewa likizo yake ya kwanza, akaazima Landrova, akasema tutawazungukia jamaa wote: Ibra kwa watu wake, tupite Al Qabil, twende mpaka Sur kwa mama yake Mama, kisha turudi njia ile ile. Siku kumi. Tulikula vumbi kutwa nzima, vumbi mpaka ndani ya masikio, na Zuhura akaimba njia yote, wimbo mmoja, beti moja, mpaka Mama akaniambia, "Mwanangu, hebu mpumzishe huyo kasuku wako."

Ibra tulifikia nyumba ya babu, ambayo sasa ilikuwa ya Baba. Asubuhi yake akaja Ami Hamudi. Yeye na Baba ni watoto wa ndugu wawili, lakini alimtangulia Baba kurudi Oman kwa miaka mingi, Kiswahili chake kimeshapinda. Alikuwa mrefu, kimya, ndevu zimepakwa hina, na kwetu sisi hakuwa mtu wa kawaida. Tuliposhuka huku hatuna hata kijikaratasi kinachosema sisi nani, yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema, hawa damu yangu. Alikuja na wazee wawili majirani. Baba akashika mdila wa kahawa mwenyewe, akawamiminia. Ami Hamudi akapokea finjani kwa mkono wa kulia, hakuipeleka mdomoni. Akaiweka chini, juu ya mkeka, mbele ya goti lake.

Aliyekulia huku angeshituka. Mgeni akiweka finjani chini bila ya kuionja, ana haja, na haja yenyewe kubwa. Mwenye nyumba akimwambia, "Umeshaipata, kunywa," basi keshatoa, na atatoa, hata iwe nini. Mwenye busara huuliza kwanza haja gani, anapima, anajitetea kwa adabu. Lakini Baba alikulia mjini Unguja, kahawa anainunua kwa muuzaji, anainywea barazani huku anabishana mpira. Maneno yale aliyasikia kwa wazee wa Nizwa akadhani ni ukarimu tu, kama mtu anavyosema karibu, starehe, nyumba yako hii.

"Ndugu yangu, inapoa hiyo," Baba akasema.

"Nina haja kwako," Ami Hamudi akasema.

"Aa, haja yako umeshaipata! Kunywa, bwana."

Wale wazee wawili wakatazamana. Mie nilikuwa mlangoni nimebeba sahani ya halua, nikaona mmoja wao anashusha macho, kama mtu aliyeona mwenzake anavuka barabara na gari linakuja. Ami Hamudi akanywa finjani yote kwa mkupuo, akaitikisa kuonesha ametosheka, akairudisha. Halafu akasema neno moja tu: "Zuhura."

Kumpa ndugu mtoto amlee si jambo geni kwetu, hata Unguja tulifanya. Ami Hamudi na mkewe, Zuweina, tuliyemwita Mama kwa heshima tu, hawakujaaliwa watoto. Walitaka msichana mdogo, wa damu, akulie pale kwao Ibra. Yote hayo nayaelewa leo. Siku ile nilichoelewa ni uso wa Baba, umegeuka rangi ya majivu, na mdomo wake unajaribu kucheka na hauwezi. Akasema, "Inshallah." Ami Hamudi akasema twende zetu Sur, mtoto akamuage bibi yake, tukirudi tumwachie. Sahani ya halua ilinianguka. Hakuna aliyenikemea, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana nyumbani kwetu mtu akimwaga halua husikia.

Kutoka hapo safari ikawa kama ya kwenda hospitali. Mama alikaa mbele, uso dirishani. Akasema mara moja, polepole, "Ungemuuliza." Baba akajibu, "Nilijuaje?" Na Mama, "Ungemuuliza tu, baba Asya. Haja gani. Maneno mawili." Baba akapiga usukani kwa kiganja. Akasema yule ndiye aliyetusimamia, leo akimvunjia neno mbele ya mashahidi, kesho nani atatuita watu? Watasema Wazinjibari hawana neno. Al Qabil habari ilikuwa imeshatutangulia, Mungu anajua kwa gari la nani. Mwanamke mmoja, jamaa wa Baba, akamkalisha Zuhura mapajani, akamwambia, "Wee bahati yako, utapewa mbuzi wako mwenyewe." Zuhura akaniangalia kwa furaha. "Dada Asya, ntapewa mbuzi!" Nilimpokonya mapajani pale kwa nguvu mpaka akalia, na yule mama akasema mtoto huyu mkubwa hana adabu. Sina, wallahi. Sikuwa nayo na sikuitaka.

Nilianza kumshika nguo. Akienda msalani nasimama mlangoni, akilala naifunga ncha ya kanga yangu kwenye kifundo cha mkono wake. Yeye hajui kitu, anadhani mchezo. Hilo nakwambieni ndilo baya kuliko yote, kuogopa kwa ajili ya mtu anayecheka. Nilikuwa nikimtazama nafikiri, nani atamjua kama hali ndizi ikiwa imevunjika? Nani atamwambia kuwa radi haiingii ndani? Kiarabu chenyewe hajui, akiota vibaya atamwita nani, na kwa lugha gani?

Sur tulikaa siku nne kwa Bibi Raya, mama yake Mama. Bibi alikuwa mwanamke mfupi mkali, mkono wake mmoja una nguvu za mabaharia wawili, na alipoambiwa habari ile hakulia wala hakupiga kelele. Akamtazama Baba, akasema, "Mwanaume mzima kaingia mtegoni kwa finjani," akaendelea kuparua samaki. Nilimfuata uani. Magamba yanaruka, yananiganda usoni. Nikamuuliza kama Baba hawezi kusema hapana. Akasema hawezi. Nikamuuliza kama Mama hawezi. Akasema Mama hakuulizwa. Nikamuuliza mgeni gani anaruhusiwa kuweka finjani chini. Akasema mgeni yeyote aliyekaribishwa akakaa akamiminiwa. "Hata mtoto?" Kisu kikasimama juu ya samaki. Bibi akasema tu, "Mtoto huwa hamiminiwi. Mpaka aombe kwa adabu. Wewe adabu unayo?" Akarudi kuparua.

Siku ya kurudi mawingu mazito yalikaa juu ya milima. Baba akasema wadi ukishuka, maji yakijaa kwenye ile mito mikavu tunayoivuka, tutakwama. Wenzangu waliogopa. Mie niliomba dua ushuke. Niliomba kila wadi tuliofika, ee Mungu huu, basi huu, nikiwa nimemkumbatia Zuhura mpaka analalamika anaumia. Haukushuka hata mmoja. Changarawe kavu, magurudumu yanalia, na tahamaki minara ya Ibra imeshaonekana.

Safari hii tulikaribishwa kwa Ami Hamudi mwenyewe. Nilipoingia uani kitu cha kwanza kukiona ni pembea. Ilikuwa ya siku zile nane tu tulizokuwa njiani. Kamba mpya, ya rangi ya chungwa, imefungwa kwenye boriti, na ubao wa kukalia umepigwa msasa mpaka unang'aa. Zuhura akakimbia akaipanda. Mama Zuweina, mwanamke mnene mwenye macho ya upole, akawa anamsukuma taratibu kwa ncha za vidole, kama anayesukuma yai. Mpaka pale nilikuwa bado nadhani labda watasahau.

Nikaenda kwenye chumba cha wanaume. Walikuwapo wale wale wazee wawili, na Baba ameinama. Nikatoa salamu, nikawashika mikono mmoja mmoja kutoka kulia, nikambusu Ami Hamudi mkono, nikasema kwa Kiarabu changu bora, nisicho na tusi hata moja, kwamba naomba kahawa. Wakafurahi. "Mashallah, bint kakua!" Nikamiminiwa. Nikapokea kwa mkono wa kulia, nikaiweka mkekani mbele ya goti langu.

Hakuna aliyeona. Mazungumzo yakaendelea, bei ya majani ya ng'ombe, mvua, kisima cha nani kimekauka. Mie nimekaa, naona ule mvuke unapungua, unapungua, mpaka ukatoweka. Mwishowe mzee mmoja akasema, "Huyu mtoto hanywi."

"Chungu kwake," akasema mwenzake.

"Nina haja," nikasema. Sauti ikatoka kama ya panya.

"Mwonesheni choo!" mzee akasema, na wote wakacheka, mpaka macho yake yakashuka yakaiona finjani, na pale pale kicheko kikamkatika.

Baba akanyanyuka. "We Asya! Inuka hapo!" Mkono wake ulikuwa juu tayari. Ami Hamudi akasema, "Mwache." Kisha akaniuliza, "Haja gani?"

Yeye si Baba. Yeye aliuliza. Hilo sikulitegemea. Nikatikisa kichwa. "Sisemi, Ami, mpaka uniambie nimeshaipata."

Chumba kizima kilikuwa kinaijua haja yangu. Kutoka uani tukawa tunasikia kamba ya pembea inalia juu ya boriti, na Zuhura na wimbo wake. Ami Hamudi aliitazama ile finjani muda mrefu sana. Angeweza kucheka tu akasema watoto hawana haja, na hakuna ambaye angemlaumu. Ndevu zake zikatikisika kidogo. Akasema, "Umeshaipata. Kunywa, mwanangu." Nikanywa. Ilikuwa baridi, chungu, na machicha yakanikwama kooni. Nikasema neno moja, kama yeye: "Zuhura."

Tuliondoka alasiri ile ile. Mama Zuweina hakutoka kutuaga. Alileta mtu na kifurushi, ndani yake nguo sita za kitoto, amezishona kwa siku zile nane, na kila moja ina tarizi shingoni.

Siku hizi Nizwa mpaka Ibra ni lami, asubuhi unakwenda, adhuhuri umesharudi, simu iko kila nyumba. Zuhura amekuwa mwalimu, hakumbuki hofu yoyote. Anakumbuka pembea. "Tulistarehe sana Ibra," anasema, na mie namwacha aseme. Ami Hamudi hayupo tena. Ile kamba bado iko, imepauka, ubao umeondoshwa. Kwa Mama Zuweina nakwenda mie, kila kibaridi kinapoanza, na nikifika nywele za mikono zinasimama kabla sijavuka kizingiti, maana harufu ya iliki inafika mlangoni. Kwa miaka nilidhani namwogopa yeye. Siku hizi najua naogopa nilichokichukua mle ndani. Baba alitoa bila ya kujua, Ami alitoa anajua, na yeye, kama Mama, hakuulizwa.

Juzi alikuja kwetu Nizwa, mara ya kwanza katika maisha yake, mgeni wangu, katika nyumba yangu. Nikammiminia. Akapokea kwa mkono wa kulia, akaiweka chini. Labda ni uzee tu, labda alitaka kujitengeneza ushungi. Sikungoja kujua. Moyo unanidunda kama nina miaka tisa, nikasema, "Umeshaipata, mama. Kunywa."

Akanikazia macho, kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Asya, Asya. Huulizi kwanza? Babako huyo huyo!"

Akaichukua finjani akainywa yote, akaitikisa, akanirudishia. Mpaka leo hajanambia anataka nini. Nami nangojea.