Imakulata na Wagonjwa wa Mapafu wa Nguvumali

Kabla dawa haijamfanya maarufu, Imakulata alijulikana Nguvumali kwa jambo moja: kulikuwa na wanaume wachache sana wa parokia ile ambao futi yake ya kupimia haikuwahi kuwazunguka kifuani. Alishona majoho ya kwaya. Alijua nani ana tumbo analolificha kwa kuvuta pumzi, nani bega lake moja limeshuka kwa miaka ya kubeba mafungu ya mkonge, na nani anaomba joho lishonwe kwa kipimo cha mwaka aliooa. Siri hizo hakumwambia mtu. Wazazi wake walikuja kufanya kazi za mashamba upande wa Maramba, yeye akazaliwa huko, akaolewa Tanga mjini, akafiwa na mume, akabaki na cherehani, mtoto mmoja aliyepata kazi Mwanza, na jina la heshima la Mama Alexander.

Kisha pumzi ikaanza kumwasi. Mwanzoni alisimama mara moja njiani kwenda kanisani, akijifanya anafunga kiatu. Mwaka haujaisha, alikuwa anafunga kiatu mara tatu, naye amevaa kandambili.

Mji wa Tanga hauna uhaba wa wataalamu. Mmoja alisema ni pumu. Mwingine alisema ni vumbi la vitambaa. Jirani yake wa ukuta mmoja, Semeni, mwanamke wa Kidigo anayeuza vitumbua na kuamini nusu ya anayoyasema, alishauri aangaliwe na mtu anayejua mambo ya majini wa baharini. Hospitalini walimfunga ile mashine ya presha mkononi, wakamwambia presha yake ni ya msichana, wakamrudisha nyumbani. Walimrudisha mara mbili. Mara ya tatu alikutana na daktari aliyemtazama miguu iliyovimba kabla ya kumtazama cheti, akamwagizia kipimo cha picha ya moyo, na hapo ndipo ugonjwa ukapata jina: presha ya mapafu. Mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu ilikuwa imekaza, daktari alieleza, na upande wa kulia wa moyo wake ulikuwa unasukuma kama mtu anayesukuma lori lililozama topeni. Mashine ya mkononi haiwezi kuliona lori hilo.

Aliandikiwa vidonge vidogo vyeupe vinavyoitwa sildenafili. Aliyempa kwenye dirisha la dawa hospitalini ni Tahera, binti wa duka la vifaa vya ujenzi la Barabara ya Kumi na Mbili, aliyekataa kurithi misumari ya baba yake akasomea ufamasia. Tahera alimweleza taratibu, kwa Kiswahili cha Tanga kisicho na haraka. Kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kila siku, hata siku anayojisikia mzima. Akisahau, ameze akikumbuka, ila asimeze viwili pamoja kufidia. Asipunguze wala kuacha kwa uamuzi wake. Akiinuka kitandani ainuke polepole, maana kichwa kinaweza kuzunguka. Balungi aache. Akizimia, akiumwa kifua, au kuona au kusikia kukipotea ghafla, aje mbio. Na kila daktari atakayemwona amwambie anatumia dawa hii, kwa sababu ipo dawa ya moyo, ile ya kuweka chini ya ulimi mtu akibanwa kifua, ambayo haikai na hii katika mwili mmoja. Zikikutana, damu inashuka ghafla na mtu anaweza asiamke.

Imakulata alimrudishia yote, neno kwa neno, kama mtoto wa katekisimu. Tahera akasita kidogo, akatazama kaunta, akaongeza kwamba kuna watu wengine wanaitumia kwa shughuli nyingine. Imakulata hakuuliza shughuli gani. Alidhani ni mifugo.

Dawa ilimfaa. Wiki ya sita alifika kanisani akiwa amefunga kiatu mara moja tu. Ndipo dirishani wakamwambia mzigo mpya umechelewa, na kwamba asingoje ziishe ndipo atafute. Akafanya kile ambacho kila mtu wa jumuiya yake ya kanisani angefanya: Jumamosi, kwenye sala za nyumba kwa nyumba, alimkabidhi mwenyekiti karatasi ya daktari, itangazwe kwenye mahitaji ya wagonjwa, ili anayesafiri kwenda Dar amletee.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kristofa, mnyapara mstaafu wa mkonge, mwenye sauti nzito ambayo kwaya nzima ilikuwa inaiegemea. Alivaa miwani. Alisoma jina la mgonjwa, akasoma ugonjwa, akaanza kulisoma jina la dawa kwa silabi, kama anavyosoma majina ya wafalme wa Agano la Kale, na alipofika silabi ya tatu sauti ikamshuka. Alimalizia kwa kunong'ona.

Wanaume kumi na mmoja wakatazama sakafu. Mmoja alipata shughuli ya ghafla na kola yake.

Ruthi, mke wa mwenyekiti, aliuliza ni dawa gani hiyo, mbona ndio kwanza anaisikia. Hakuna aliyejua. Kumi na mmoja wote hawakujua kwa pamoja, kwa uthabiti ambao haujawahi kuonekana katika jumuiya ile kwenye jambo lolote, hata tarehe ya michango. Hosea, katibu, alisema huenda ni neno la Kilatini. Likaombewa, wakasema amina.

Dawa ilikuja kwa basi baada ya siku nne, ya miezi miwili kamili. Siku ya tano wagonjwa wakaanza kufika.

Ieleweke kwamba katika mtaa ule dawa huombwa kama chumvi. Mtu akiumwa kichwa hubisha hodi kwa jirani, akiharisha hubisha kwa mwingine, na mwenye vidonge anayesema havipo, navyo vipo, jina lake halioshwi na mvua ya masika wala ya vuli. Wa kwanza alikuwa baritoni mmoja, aliyekuja kupunguza mikono ya joho na kutaja, akiwa anaondoka, kwamba siku hizi mapafu yanamsumbua, hasa mwisho wa wiki. Wa pili mapafu yake yalimsumbua akiwa na mkewe. Masoud, muuza mkaa asiyekuwa wa jumuiya wala wa parokia, alisikia habari kwa njia anazozijua mwenyewe, akaja na gunia dogo la mkaa kama zawadi na mapafu mabaya kuliko yote. Imakulata aliwahurumia. Aliwauliza kama miguu inavimba. Wote walisema inavimba. Alimpa kila mmoja kidonge na kumsihi aende hospitali akapigwe picha ya moyo, naye akabaki anashangaa ugonjwa wa nadra, aliotafutiwa jina mwaka mzima, umeingiaje kwenye mtaa mmoja na kuchagua wanaume peke yao.

Semeni ndiye aliyemfumbua macho. Alikuja na vitumbua, akamwona Masoud akitoka, akakaa chini.

"Shoga, wewe unajua hao wanafuata nini?"

"Mapafu."

"Mapafu yako chini hivyo?"

Akamweleza. Imakulata alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, kwa sababu hewa ilikuwa imekwisha. Alipotulia alifungua kasha la nyuzi, alimoweka dawa, akahesabu vidonge. Vilikuwa vimekwenda ishirini na sita.

Mtu angedhani sasa mlango utafungwa. Lakini alipokuwa hajui, angalau aliweza kuwauliza habari za miguu. Sasa alijua, na mjane wa heshima akimnyima mwanaume kidonge kile, ni sawa na kumwambia kwamba anajua anataka kukifanyia nini. Hilo halikuwezekana. Aliendelea kuwapa, huku akitazama sindano. Naye akapunguza vyake ili vifike siku ya kliniki: viwili kwa siku, halafu kimoja. Kichwani alimsikia Tahera akikataza. Lakini Tahera alikuwa anakaa Makorora, na wanaume walikuwa wanakaa mtaani kwake.

Miguu ikavimba tena. Usiku alilala ameketi. Kutoka cherehani hadi mtungi wa maji ikawa safari ya kupangiwa.

Mzee Kristofa alichukua chake Jumatatu, kwa maneno machache kuliko wote, na Jumamosi asubuhi akaja kupimwa joho la sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Alivua koti. Imakulata alimzungushia futi kifuani, na kwenye mfuko wa shati vitu vidogo vikagongana ndani ya kitu kingine. Kilikuwa kichupa.

Aliuliza ni cha nini. Kristofa alitazama mlangoni kwanza. Alisema ni siri ya nyumba yake, Ruthi tu ndiye anayejua, mwenyekiti akijulikana mgonjwa watu wataanza kugombea kiti. Kifua humbana mara mojamoja, na akibanwa huweka kidonge kimoja chini ya ulimi.

Mikono ya Imakulata ilisimama.

"Na kile nilichokupa?"

"Kipo."

"Hujameza?"

Mzee alitazama ukutani, kwenye kalenda ya jimbo. "Leo jioni tuna sherehe yetu, mimi na Ruthi. Miaka thelathini na tano."

Alitaka kumweleza. Maneno ya Tahera alikuwa nayo yote, kwa mpangilio, na hewa ya kuyasema hakuwa nayo. Ilimbidi achague.

"Nipe," alisema.

Kristofa alidhani kwamba mjane amepungukiwa na anadai chake. Alisema kwa upole kwamba atarudisha, mwanawe anakwenda Dar wiki ijayo. Akaanza kugeuka. Imakulata akavuta futi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miaka sitini na moja na hewa ya maneno matatu, ila futi ilikuwa imezunguka kifua cha mnyapara na ncha zote mbili alizishika yeye.

"Hicho... na hicho..." Alipumzika. "Damu inashuka. Huamki."

"Mama Alexander, niachie."

"Ruthi," alisema, na kwa hewa iliyobaki, "atakukuta... baridi."

Hapo mzee akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Aliona midomo imebadilika rangi, akaona miguu. Kwa miaka mingi alikuwa ametazama watu wakianguka kwenye mistari ya mkonge, na alijua mtu anayekaribia kuanguka hana nafasi ya uchoyo. Akatoa kidonge kwenye mkunjo wa leso, akamwekea kiganjani. Imakulata akaachia futi, na akaachia kila kitu, akaenda chini juu ya jora la kitambaa cheupe cha kwaya.

Tangu astaafu, Mzee Kristofa hakuwahi kuonekana akikimbia. Siku hiyo Nguvumali ilimwona, bila koti, akiwa na alama za chaki mabegani, akifukuza bajaji.

Hospitali walimwekea oksijeni, wakamlaza siku nne. Daktari alimuuliza anameza vingapi kwa siku.

"Kimoja."

"Nani alikuambia kimoja?"

"Majirani."

Daktari aliandika jambo refu. Tahera alipanda wodini mwenyewe, hakumkaripia, akakaa pembeni ya kitanda na kusema kosa moja ni lake: alipaswa kutaja ile shughuli nyingine kwa jina lake, akaona haya. Akaitaja sasa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akajigeuza ili asikie vizuri. Kisha Tahera akamwambia kwamba dawa ikipunguzwa ovyo mishipa hurudi kukaza, wakati mwingine kwa hasira kuliko mwanzo, na kwamba dawa ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja. Vile vidonge vilivyozunguka kwenye leso na mifuko ya suruali, wanaume wakivirudisha, asivimeze, avilete dirishani vikaharibiwe. Mzee Kristofa, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na mkewe, alipata somo lake peke yake kutoka kwa muuguzi aliyemwambia bila kuzunguka kwamba angechanganya zile mbili, wangemwita fundi ampime sanda. Ruthi alimtazama mumewe. Halafu akacheka, akamfunga kifungo cha shati.

Imakulata alirudi nyumbani na dawa mpya, mara tatu kwa siku, na amri ya kutogawa. Wiki ya tatu, Jumanne saa nne asubuhi, Hosea katibu alipiga hodi. Alikuwa kijana wa miaka arobaini na minane.

"Shikamoo, Mama Alexander."

"Marahaba, baba."

Alimpa pole. Alisifu rangi ya majoho. Alizungumzia mvua. Mwishowe akasema, huku akitazama miguu yake mwenyewe, kwamba hata yeye siku hizi mapafu.

Imakulata aliweka mkasi chini.

"Hosea mwanangu, hii dawa sikupi, wala wewe wala mwingine, na sikunyimi kwa uchoyo, nakunyima kwa sababu mimi si daktari na wewe hujui moyo wako ukoje, na hicho unachokitafuta si dhambi wala si aibu, una mke wako wa ndoa, nenda kamwambie daktari kwa mdomo wako kinachokusumbua na dawa zote unazotumia hata za mizizi, akiona inakufaa atakuandikia yako kwa kipimo chako, na akiona haikufai atakuwa amekuokoa."

Ndipo Imakulata alipogundua kwamba amesema yote hayo kwa mkupuo na kifua hakikudai chochote.

Katibu aliuliza kama pale dirishani hukaa yule binti tu, au kuna siku hukaa mwanaume.

"Yule binti tu. Twende, nakupeleka. Nina kliniki yangu leo."

Akajitanda kanga, akatangulia. Walipita nyumba ya Semeni, wakapita mashine ya kusaga, wakatokea barabarani, na aliyesimama wa kwanza alikuwa Hosea, wala si kwa pumzi. Ng'ambo ya barabara mama mkwe wake alikuwa ananunua mihogo, ameshika mmoja mkononi, na alikuwa anauliza kwa sauti wanakwenda wapi.