Kisutu Kilichochuja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Bi Mgeni aliingia kwenye duka letu la picha, Mlandege, bila kuvua viatu mlangoni, naye ndiye mtu wa adabu kuliko sote. Alikuwa somo wa bibi harusi niliyempiga picha siku chache nyuma. Ndiye aliyemfunda, na bado alikuwa naye fungate kwa wakwe zake, mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba. Nnataka kujua, yule mtoto tulimvalisha kisutu kipya au kilichochuja?"

Nikaduwaa. Kisutu, kwa wewe uliyezaliwa juzi, ndiyo kanga ya harusi, na wekundu wake ndiyo heshima yake. Mama wa bibi harusi alikitafuta soko zima la Darajani mpaka akapata kilichomridhisha.

Ukumbi wa wanawake haukuruhusu kamera za video. Niliingia peke yangu, mwanamke mwenzao, na kamera ya picha, kisha familia ikaomba picha hizo zipangwe ziwe video. Basi kazi hiyo huanza na picha mbichi, kama kamera ilivyoziona. Unazigeuza ziwe katika rangi ya video, rangi iliyofifishwa makusudi ili weupe na kiza visipotee. Hapo hazijaiva. Hukolezwa baadaye, moja moja, kwa jicho. Mimi nilikuwa sijazikoleza. Mwenzangu wa dukani akawapa wenyewe nakala ile ile iliyofifia.

Wanawake wa Malindi wakaitazama. Mama mkwe akauona wekundu umekuwa kama wa tambara, akasema mkamwana wake kaletwa na kisutu cha kuazima. Binti wa watu akashinda analia chumbani, na fungate haijesha.

"Bi Mgeni, si mimi niliyeitoa," nikasema.

"Sikukuuliza nani. Nakuuliza lini itakuwa sawa."

Maneno yale yalinichoma, mwanangu, hata leo nayasikia. Mwenzangu akanong'ona tuombe radhi yaishe, la kuvunda halina ubani. Nikamwambia hili halijavunda, picha mbichi zipo. Mimi kichwa changu kigumu, mama yangu alisema nilizaliwa nacho.

Nikaanza upya. Nikabonyeza kompyuta ijirekebishie yenyewe, na wekundu ukatoka wa machungwa. Bi Mgeni, aliyekuwa bado kakaa na buibui lake, akacheka kidogo.

"Mwanangu, hiyo mashine haikuwepo harusini. Wewe ulikuwepo."

Akaenda Malindi, akarudi na kisutu chenyewe, ambacho binti alikuwa kakifungia sandukuni kwa aibu. Tukakitandaza dirishani penye mwanga wa jua, kando ya kioo cha kompyuta. Nikakoleza wekundu, nikaondoa umanjano wa taa za ukumbini, nikatazama nguo, nikatazama picha, mpaka vikakubaliana. Kisha nikaiangalia video kwenye televisheni, maana huko ndiko itakakoonekana. Ikakataa, nikarudia. Ikakataa tena, nikarudia tena. Macho yaliniwasha, lakini nilikuwa nshaapa kuwa binti yule hatalia kwa kazi yangu.

Niliipeleka mwenyewe Malindi. Wanawake wakakaa, picha zikapita. Mwisho mama mkwe akainuka, akaenda chumbani kwa mkamwana wake, akakaa kitandani na kumshika mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikidhani cha kuazima."

Binti akalia tena, na safari hii mama mkwe akalia naye.

Kwa hiyo nasema nanyi mnaoshika kamera leo. Kazi ambayo haijaiva isitoke mlangoni, hata mteja akigonga. Ikitoka, msihangaike kumtafuta mkosaji, itafuteni dawa, na msiondoke mpaka muipate. Mashine itumieni, sikatazi, ila ninyi ndio mliomwona mwenye harusi, na aibu ikija itamkuta yeye kwanza. Mola awape macho ya kuona na mikono isiyochoka, na kila mnayempiga picha ajitazame aseme: naam, huyu ni mimi.